Kupachika Lua ndani ya programu ya C++ bila skripti kuiangusha programu yako: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu maswali yale yale yamekuwa yakinijia kila muhula kutoka kwa vijana wa mazoezi ya kazi hapa Nakuru: kwa nini programu yangu inazimika skripti ikikosewa herufi moja, kwa nini ninapata neno PANIC, na kwa nini try na catch nilizoziweka hazidaki chochote. Majibu yote yanahusu kitu kimoja, nacho ni mpaka uliopo kati ya msimbo wa C++ na mkalimani wa Lua, yaani programu inayosoma na kuendesha skripti za lugha ya Lua. Kosa linalotokea upande mmoja halina ruhusa ya kuvuka mpaka huo ovyo ovyo, na kazi yako ni kulijengea mlango mmoja wa kupitia.

Mfano nitakaoutumia ni wa kituo cha kukusanyia maziwa, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifahamu vizuri. Kompyuta ndogo imeunganishwa na mizani, mkulima anamimina maziwa, karani anatia laktomita, kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, na programu inakokotoa malipo. Kusoma mizani ni kazi ya C++. Kanuni ya bei, ambayo hubadilika mvua zinapokuja na zinapokatika, imewekwa kwenye skripti ya Lua ili meneja aweze kuibadilisha bila mtu kusafiri kutoka mjini hadi Molo kwenda kukompaili upya.

Nimechagua Lua kwa kuwa ni ndogo, imeandikwa kwa C safi, na tangu ilipoanzishwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio huko Brazili imekuwa ikitengenezwa kwa nia ya kupachikwa ndani ya programu nyingine. Hapa ninatumia toleo la 5.4. Ukiwa na 5.1 au LuaJIT, ambayo ni mkalimani mwingine wa Lua, baadhi ya fanksheni zitakuwa tofauti, kwa hiyo usichanganye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji kompyuta yenye Ubuntu, Debian au Raspberry Pi OS, ufahamu wa C++ unaokutosha kuandika try na catch bila kuangalia daftari, na intaneti ya kupakua paketi mara moja tu. Mizani si lazima. Fanksheni inayorudisha namba ya kubuni itatosha. Sakinisha hivi:

```
sudo apt install build-essential pkg-config liblua5.4-dev
```

Nadharia kidogo, halafu tunaendelea

Lua na C++ huongea kupitia steki, yaani rundo la thamani zilizopangwa kama sahani. Unaweka hoja juu, unaita fanksheni, unachukua majibu juu. Nafasi ya -1 ni ya juu kabisa, na 1 ni ya chini kabisa.

Jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Lua iliyokompailiwa kama C, ambayo ndiyo uliyoisakinisha sasa hivi, haitumii eksepsheni za C++. Kosa likitokea inatumia longjmp, yaani inaruka moja kwa moja hadi mahali pa mwisho palipokuwa na ulinzi na kuacha nyuma kila kitu kilichokuwa katikati. Hii ndiyo sababu catch yako haioni chochote, na ndiyo sababu distrakta (destructor) za vitu vilivyokuwa katikati haziitwi.

Hatua kwa hatua

1. Andika skripti kwanza, uiite bei.lua.

```
local SENTI_KWA_KILO = 4550

function bei_ya_maziwa(gramu, kipimo)
  if kipimo < 28 then
    return nil, "maziwa yana maji"
  end
  return gramu * SENTI_KWA_KILO // 1000
end
```

Hapa kipimo ni namba iliyosomwa kwenye laktomita. Angalia mambo mawili. Fedha ni senti na uzito ni gramu, zote namba kamili, ili hesabu isibaki na vipande vya desimali. Gramu 18400 zinatoa senti 83720, yaani shilingi 837 na senti 20. Pia, kukataliwa kwa maziwa si kosa la programu. Ni jibu la kawaida la kila asubuhi, kwa hiyo linarudishwa kama nil pamoja na sababu. Wanaoanza hupenda kuita error kwa kila jambo lisilopendeza, kisha daftari la makosa linajaa habari za maji kwenye maziwa, na siku kosa la kweli likitokea hakuna anayeliona.

2. Fungua mkalimani, na umpe maktaba anazozihitaji tu. Msimbo wote wa C++ unaingia kwenye faili moja, mizani.cpp: mistari ya #include inakaa juu kabisa, fanksheni za hatua zinazofuata zinakaa kabla ya main, na mistari ya hapa kuanzia lua_State pamoja na ile ya hatua ya 4 inakaa ndani ya main.

```
#include <lua.hpp>
#include <string>
#include <cstdio>
#include <stdexcept>

lua_State *L = luaL_newstate();
if (L == nullptr) return 1;
luaL_requiref(L, "_G", luaopen_base, 1);
luaL_requiref(L, "math", luaopen_math, 1);
luaL_requiref(L, "string", luaopen_string, 1);
lua_settop(L, 0);
for (const char *jina : {"dofile", "loadfile", "load",
                         "pcall", "xpcall"}) {
  lua_pushnil(L);
  lua_setglobal(L, jina);
}
```

Mifano mingi utakayokutana nayo huita luaL_openlibs na kumaliza. Hiyo inampa mwandishi wa skripti uwezo wa kufuta faili na kuendesha amri za mfumo kupitia maktaba za io na os, jambo ambalo skripti ya bei haina haja nalo. Sababu ya kuondoa pcall na xpcall utaiona kwenye hatua ya 6.

Tahadhari: tumia lua.hpp, si lua.h. Faili ya lua.hpp inamweleza kompaila wa C++ kwamba maktaba hii ni ya C. Ukiisahau utaambulia makosa ya kuunganisha ambayo nitayaeleza mwishoni.

3. Jenga mlango. Hii ndiyo hatua yenyewe, na nakuomba usiiruke hata kama programu yako ni ndogo.

```
static int fuatilia(lua_State *L) {
  const char *ujumbe = lua_tostring(L, 1);
  if (ujumbe == nullptr) ujumbe = "kosa lisilo na maelezo";
  luaL_traceback(L, L, ujumbe, 1);
  return 1;
}

static int mlango(lua_State *L, int hoja, int majibu) {
  int nafasi = lua_gettop(L) - hoja;
  lua_pushcfunction(L, fuatilia);
  lua_insert(L, nafasi);
  int hali = lua_pcall(L, hoja, majibu, nafasi);
  lua_remove(L, nafasi);
  return hali;
}
```

Fanksheni ya lua_pcall ndiyo inayoweka ulinzi. Mambo yakienda sawa inarudisha LUA_OK, ambayo ni sifuri. Yakiharibika inaondoa kwenye steki fanksheni na hoja zake, inaacha ujumbe wa kosa pale juu, na kurudisha namba nyingine. Fanksheni ya fuatilia huitwa papo hapo kosa linapotokea, kabla Lua haijabomoa msururu wa miito, na kwa hiyo ndiyo pekee inayoweza kukueleza mstari upi uliita mstari upi. Ukisubiri hadi lua_pcall irudi ndipo uulize, utakuwa umechelewa, kwa maana ushahidi umeshafagiliwa.

Fanksheni ya lua_call, isiyo na herufi p, haina ulinzi wowote. Usiitumie kutoka kwenye main.

4. Pakia skripti na uiendeshe.

```
if (luaL_loadfilex(L, "bei.lua", "t") != LUA_OK ||
    mlango(L, 0, 0) != LUA_OK) {
  std::fprintf(stderr, "%s\n", lua_tostring(L, -1));
  lua_close(L);
  return 1;
}
```

Kupakia na kuendesha ni mambo mawili. Kupakia kunakagua sarufi tu. Fanksheni ya bei_ya_maziwa haipo duniani mpaka faili iendeshwe. Herufi "t" inakataa faili zilizokwisha kukompailiwa, kwa kuwa faili ya namna hiyo ikiharibiwa makusudi inaweza kumwangusha mkalimani mwenyewe.

5. Ita fanksheni, kagua jibu, rudisha steki ilivyokuwa.

```
static bool piga_bei(lua_State *L, lua_Integer gramu,
                     lua_Integer kipimo, lua_Integer &senti,
                     std::string &sababu) {
  int mwanzo = lua_gettop(L);
  bool sawa = false;
  lua_getglobal(L, "bei_ya_maziwa");
  lua_pushinteger(L, gramu);
  lua_pushinteger(L, kipimo);
  if (mlango(L, 2, 2) == LUA_OK && lua_isinteger(L, -2)) {
    senti = lua_tointeger(L, -2);
    sawa = senti >= gramu * 3 && senti <= gramu * 8;
    if (!sawa) sababu = "bei imetoka nje ya mipaka";
  } else {
    const char *s = lua_tostring(L, -1);
    sababu = s ? s : "jibu halieleweki";
  }
  lua_settop(L, mwanzo);
  return sawa;
}
```

Mipaka ile, senti 3 hadi 8 kwa gramu, yaani shilingi 30 hadi 80 kwa kilo, iliandikwa baada ya aibu. Katika toleo langu la kwanza bei iliwekwa kwa shilingi, na meneja wa kituo kimoja alipotaka kuandika 45.50 kidole kilimteleza akaandika 45,50, kwa maana koma na nukta ni majirani kwenye kibodi. Nilitarajia Lua ipige kelele. Haikupiga. Kwa Lua, mstari wa bei = 45,50 ni halali kabisa: thamani mbili zimegawiwa kigeu kimoja, kigeu kinachukua ya kwanza, ya pili inatupwa kimya kimya. Kwa siku tatu kila kilo ililipwa pungufu ya senti 50, mpaka mama mmoja anayeandika kilo zake kwenye kijitabu alipouliza zilikokwenda shilingi zake kumi za kilo ishirini. Hakuna lua_pcall itakayodaka jambo hilo, kwa sababu kwa mkalimani hakuna kosa lililotokea. Siku hizi mtu akiandika 4,550 akidhani anatenganisha maelfu, bei inakuwa senti 4 kwa kilo, nayo mipaka inaikataa palepale.

Tahadhari mbili zaidi kwenye hatua hii. Ujumbe unaoupata kwa lua_tostring ni mali ya Lua, kwa hiyo unakili kwenye std::string kabla ya lua_settop, la sivyo mzoa takataka wa Lua (garbage collector) anaweza kuuondoa huku pointa yako ikiendelea kuelekeza pale pale. Na usimpe std::string pointa tupu, ndiyo maana nimeikagua s kwanza.

6. Zuia skripti isiyoisha. Skripti yenye while isiyo na mwisho haina kosa la kudakwa. Inamwacha tu mkulima amesimama na mtungi wake. Weka ndoana (hook) inayohesabu maagizo:

```
static void simamisha(lua_State *L, lua_Debug *) {
  luaL_error(L, "skripti imezidi muda wake");
}
```

Ndani ya mlango, mstari mmoja kabla ya lua_pcall, andika lua_sethook(L, simamisha, LUA_MASKCOUNT, 1000000). Na baada yake uiondoe kwa lua_sethook(L, nullptr, 0, 0). Ukiiweka mara moja tu mwanzoni mwa programu, hesabu itaendelea kujumlishwa kutoka mwito hadi mwito, na asubuhi fulani mkulima asiye na hatia atakuwa ndiye wa agizo la milioni. Kosa linalotolewa na ndoana ni kosa kama makosa mengine, kwa hiyo skripti yenye pcall ingeweza kulidaka na kuendelea kuzunguka. Ndiyo maana tuliiondoa. Fahamu pia kwamba ndoana haihesabu muda unaotumika ndani ya fanksheni za C, kama string.rep yenye namba kubwa mno.

7. Sasa upande wa pili wa mpaka: fanksheni ya C++ inayoitwa na skripti. Tuseme unataka skripti ichukue vipimo vitatu vya mizani na kutafuta wastani. Fanksheni yako ya soma_mizani hurusha std::runtime_error waya ukichomoka. Eksepsheni hiyo ikiachwa ipite katikati ya fanksheni za Lua zilizokompailiwa kama C, hakuna dhamana ya kitakachotokea. Kwa hiyo idake yote, kisha uigeuze kuwa kosa la Lua:

```
static int l_soma_mizani(lua_State *L) {
  lua_Integer namba = luaL_checkinteger(L, 1);
  char ujumbe[256];
  try {
    lua_pushinteger(L, soma_mizani(namba));
    return 1;
  } catch (const std::exception &e) {
    std::snprintf(ujumbe, sizeof ujumbe, "%s", e.what());
  } catch (...) {
    std::snprintf(ujumbe, sizeof ujumbe, "kosa lisilojulikana");
  }
  return luaL_error(L, "%s", ujumbe);
}
```

Isajili kwa lua_register(L, "soma_mizani", l_soma_mizani) kabla ya hatua ya 4.

Mpangilio huu haukuja kwa bahati. Hoja zinakaguliwa kwanza, kabla ya kitu chochote chenye distrakta kuzaliwa, kwa sababu luaL_checkinteger yenyewe hurusha kosa la Lua hoja ikiwa mbaya. Ujumbe unanakiliwa kwenye safu ya kawaida ya herufi, si kwenye std::string, na luaL_error inaitwa nje ya catch, pale ambapo eksepsheni imeshafungwa na hakuna chochote kinachosubiri kusafishwa. Ukiita luaL_error ndani ya catch, longjmp itaruka na kuiacha eksepsheni ikiwa wazi, na kumbukumbu yake haitaachiliwa.

Utasikia watu wakishauri kukompaili Lua yenyewe kama C++, ili irushe eksepsheni halisi badala ya longjmp. Ushauri huo si mbaya, na distrakta zitaitwa, ila kumbuka kwamba kuanzia hapo catch(...) yoyote iliyo ndani ya fanksheni zako itameza pia makosa ya Lua ambayo hayakuwa yako kuyameza. Kwa anayeanza naona ni afadhali kubaki na maktaba iliyosakinishwa na kuzoea nidhamu ya hapo juu.

8. Kompaili, kisha uharibu kwa makusudi.

```
g++ -std=c++17 -Wall mizani.cpp -o mizani \
    $(pkg-config --cflags --libs lua5.4)
```

Ondoa end moja kwenye skripti. Badilisha jina la fanksheni. Rudisha matini badala ya namba. Weka while true do end. Chomoa waya wa mizani katikati ya kipimo. Futa faili ya bei.lua kabisa. Kwa kila jaribio programu inatakiwa iandike ujumbe unaoeleweka na kuendelea kusimama, au ikatae kuanza ikiwa kosa liko kwenye kupakia. Mwanafunzi akiniletea kazi ambayo haijapitia majaribio haya sita, humrudishia bila kuifungua.

Mambo yakikwama

Ukiona undefined reference, soma jina linalofuata kwa makini. Likiwa limeandikwa na aina za hoja zake, kama lua_settop(lua_State*, int), umetumia lua.h badala ya lua.hpp. Likiwa jina tupu la lua_settop, maktaba haikuunganishwa, au pkg-config umeiweka kabla ya mizani.cpp kwenye amri. Maktaba hufuata faili inayozihitaji.

Ujumbe wa attempt to call a nil value mara nyingi una maana kwamba ulipakia faili lakini hukuiendesha, au jina kwenye lua_getglobal halilingani na la kwenye skripti, au mtu ametia neno local mbele ya function.

Maneno PANIC: unprotected error in call to Lua API yanaonyesha kwamba kuna mahali unaiita Lua bila kupitia mlango. Tafuta lua_call. Usipoiona, fahamu kwamba hata lua_getglobal na lua_setglobal zinaweza kurusha kosa, kwa mfano kumbukumbu ikiisha. Katika programu itakayofanya kazi mwaka mzima bila msimamizi, weka kazi yote ndani ya fanksheni moja ya C na kuiita hiyo kupitia mlango. Unaweza kubadilisha kinachoandikwa kabla ya programu kufa kwa lua_atpanic, ila ichukue kama nafasi ya kuandika wosia kwenye daftari la makosa, kwa maana fanksheni yako ikirudi tu, Lua inaita abort.

Programu ikifa kwa terminate called after throwing an instance of, kuna eksepsheni ya C++ iliyotoka kwenye fanksheni uliyoisajili bila kudakwa. Lililo baya zaidi ni pale ambapo haifi: eksepsheni inapita juu ya lua_pcall, inadakwa na catch iliyo kwenye main, na programu inaendelea huku L ikikumbuka mahali pa kurukia ambapo hapapo tena. Kosa linalofuata, pengine saa mbili baadaye, litaruka kwenda kusikojulikana. Ukidaka eksepsheni ya namna hiyo kwenye main, usiitumie L hiyo tena kwa lolote, hata lua_close. Andika ujumbe na uanzishe programu upya.

Ikiwa programu inafanya kazi vizuri asubuhi na kuanguka mchana bila sababu, shuku steki. Andika lua_gettop(L) mwisho wa kila mzunguko. Namba ikipanda kutoka mkulima hadi mkulima, kuna njia moja ndani ya msimbo, kwa kawaida ile ya kosa, inayorudi bila kupitia lua_settop. Lua inakuhakikishia nafasi 20 tu unapoingia kwenye fanksheni ya C, na zaidi ya hapo inabidi uombe kwa luaL_checkstack. Njia ya haraka ya kuinasa ni kupakua msimbo wa Lua, kuukompaili wewe mwenyewe kwa -DLUA_USE_APICHECK, na kuunganisha programu na nakala hiyo wakati wa majaribio, kwani itasimama palepale unapokiuka kanuni ya steki badala ya kusubiri hadi mchana.